Mkate wa Chizi Siku Dada Alipokuja

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Tulikuwa watu wanne ofisini, saa saba mchana, tunamsubiri mama ntilie atuletee wali maharage kama kila siku. Mwenzetu mmoja, aliyehamia karibuni kutoka Dar es Salaam, akawa analalamika, bila ubaya wowote, kwamba tangu afike Kibiti hajatia mdomoni kitu kingine ila wali na chipsi mayai. Akaanza kutaja vitu alivyovizoea. Alipofika kwenye mkate unaotiwa chizi katikati, ukabanwa motoni mpaka chizi ikayeyuka, nikamkatiza.

"Huo mbona natengeneza nyumbani," nikasema. "Jumamosi mara nyingi ndio chakula changu cha mchana."

Nilikuwa nimeula mara moja tu maishani, kwenye semina ya siku mbili huko mjini, katika hoteli ambayo vyakula vilipangwa mezani na kila mtu anajipakulia. Nilikumbuka mistari myeusi juu ya mkate, na chizi ilivyovutika kama ulimbo nilipong'ata. Siku ile nilikula vipande vinne, huku nikiwaangalia wengine wanavishikaje.

Mwenzangu akafurahi kweli. "Basi Jumamosi nakuja kwako, kaka. Usinikimbie."

Nikamwambia karibu. Ningeweza kusema Jumamosi nina safari, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa mtu niliyependa anione wa kiwango chake. Anavaa saa, anazungumza polepole, na barua zake haziandikwi mara mbili. Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kuyajua mafaili yalipo.

Ijumaa jioni nilipotoka kazini nilimkuta dada yangu ameketi barazani kwangu, amenyoosha miguu, viatu amevipanga pembeni. Hakuwa amenipigia simu. Kwetu ni Kiongoroni, huko chini deltani karibu na bahari, na mtandao wa simu unakuja na kuondoka kama maji. Alikuwa ametoka alfajiri kwa mashine, yaani boti ya injini, hadi Nyamisati, akasubiri gari, akafika kwangu baada ya sala ya alasiri, na majirani walikuwa wamempa maji.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda. Nani anakupikia?"

Alikuja kwa ajili ya macho. Akisuka mkeka, alisema, ukindu mmoja anauona miwili, na wamemwambia Jumatatu daktari wa macho atakuwepo hospitali. Kando yake kulikuwa na kikapu kilichofunikwa majani. Ndani yake kaa sita, wakubwa, magando yamefungwa kwa kamba, bado wazima, wanatoa povu. Na furushi la unga wa bada, yaani muhogo wa kwetu ule ambao ugali wake unatoka mweusi na unang'aa. Na nazi mbili.

"Kesho mchana nakupikia kama zamani," akasema.

Yafaa nimweleze dada yangu. Mama yetu alifariki mimi nikiwa darasa la pili. Dada alikuwa binti wa miaka kumi na sita hivi, na tangu siku ile mtu aliyeniogesha, aliyenichapa, aliyekaa na mimi nilipougua, alikuwa yeye. Alikuwa anakausha kamba wa kuuza kwenye moshi, ndio maana macho yake hayakuwahi kupumzika. Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni alinisindikiza mpaka getini, amebeba sanduku langu kichwani, na alipogeuka kuondoka hakuangalia nyuma.

Huko bweni ndiko nilikojifunza kuona aibu. Wenzangu waligundua ninakotoka wakanipa jina la Kaa. Nikipita bwaloni, wanatembea upande. Ulikuwa mchezo wa watoto, na mimi pia niliwatania wengine, lakini ule mchezo ulinikaa. Mwaka wa pili dada aliponiletea kaa wa kukaanga siku ya kutembelewa, niliwala nyuma ya jengo la choo, peke yangu, haraka haraka, nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu.

Ijumaa ile usiku sikumwambia dada kuhusu mgeni. Nilimwachia kitanda, mimi nikalala sebuleni, na asubuhi nikamwambia natoka kidogo.

"Unakwenda wapi hata chai hujanywa?"

"Naenda kutafuta chizi."

Akanitazama kwa hofu kabisa. "Chizi gani? Kuna mtu kapata wazimu?"

Nikacheka, nikamweleza kuwa ni kitu kinachotengenezwa kwa maziwa, kinaliwa na mkate. Akacheka zaidi yangu, mpaka akashika mlango. Dada ana kicheko kikubwa, kinasikika nyumba ya tatu. Nakumbuka niliwaza kwamba mgeni akiwepo itabidi asicheke hivyo. Niliwaza hivyo kabla sijafika hata barabarani.

Maduka manne ya kwanza hayakuwa nayo. La tano, karibu na stendi, lenye friji, muuzaji aliinama akachomoa kiboksi cha mviringo chenye vipande vinane vya pembetatu, kila kimoja kimefungwa karatasi ya kung'aa. Alisema aliiagizia Ramadhani, wateja hawakuitaka. Nilijua siyo ile ya hotelini. Ya hotelini ilikuwa bonge kubwa linalokatwa kwa kisu, na hapa Kibiti sijaliona, na kama ningeliona nisingeweza kulinunua. Nikachukua kiboksi, mkate wa slesi, na siagi ya kupima.

Nyumbani nikawasha jiko la mkaa uani. Dada alikuwa ameshakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikafungua vipande, viwili vikawa vimekauka na kuwa vya manjano kama sabuni ya zamani. Nikapaka kimoja cha vilivyobaki kwenye slesi, nikafunika kwa slesi nyingine, nikaweka kwenye kikaango. Mkate ukaungua upande mmoja kabla sijageuka kutafuta sahani. Ndani chizi ilikuwa palepale nilipoipaka, nyeupe, imekaa kama chokaa.

"Unauunguza makusudi?" dada akauliza.

"Ndivyo unavyopikwa."

"Ndivyo unavyopikwa mpaka uwe mkaa?"

Akainuka, akafukia makaa kwa jivu, akapooza moto. Akaniambia nibane mkate kwa sufuria yenye maji juu yake, usikunjamane. Kuhusu chizi akaichovya kwa kidole, akaonja, akafikiri. "Hii imekauka roho. Ichanganye na tui zito kidogo, italainika." Nikaichanganya na tui lake la kwanza, lile alilokuwa amelikamua kwa ajili ya kaa. Ikalainika. Ikawa pia nyingi zaidi, ikatosha mikate mitano. Haikuvutika, lakini ilitiririka, na kutiririka ni afadhali.

Ikabaki mistari. Nilikuwa nimeitaja mistari ile ofisini, nimeichora hata kwa kidole mezani. Nikachukua spoki ya baiskeli ninayochomea mishikaki, nikaitia kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, nikaanza kuchora mikate mmoja mmoja. Dada aliacha kukuna nazi. Alinitazama mtu mzima nimechuchumaa nachoma mkate mistari kwa spoki, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakucheka.

"Mgeni mwenyewe ni nani?" akauliza.

Sikuwa nimemwambia kuna mgeni. "Mtu wa ofisini. Katoka Dar."

"Basi vizuri. Kaa wapo sita. Ugali nasonga dakika moja."

"Huyo hali vitu hivyo, dada."

"Vitu gani?"

"Bada. Kaa. Hajazoea." Nikaendelea kuchora mistari. "Vikae kwanza. Tutakula sisi jioni."

Dada akaangalia kikapu. Kisha akasema, "Sawa, baba." Akanyanyua kikapu, akakipeleka nyuma ya bafu, kwenye kivuli, akakifunika vizuri. Akarudi akamimina tui lililobaki kwenye bakuli, akalifunika nalo. Halafu akafagia uani nazi zilizomwagika. Sikumwomba afanye lolote kati ya hayo, na ndiyo sababu nilijiambia kwamba sikumfanyia kitu.

Mgeni alifika saa saba na nusu, amebeba soda nne kwenye mfuko. Nilikuwa nimefunika stuli kwa kitambaa, nimetandika kochi upya. Dada alikuwa amebadili kanga, lakini kanga zenyewe zilikuwa za kazi, kwa sababu alikuja na jozi mbili tu. Aliingia na birika na beseni ili mgeni anawe.

"Shikamoo mama," mgeni akasema, akainuka kidogo. Kisha akanigeukia kwa uso mzuri wa mtu anayetaka kutambulishwa. "Huyu ndiye mama?"

Dada ana miaka arobaini na kitu, lakini moshi na jua la bondeni vimemwongezea. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kujibu. Si kwamba nilikatizwa. Nilifungua mdomo na nikawa natafuta namna ya kusema dada yangu ambayo haitaleta maswali mengine, ametoka wapi, anafanya nini, ameleta nini. Na yeye alikuwa ananitazama huku maji yakimiminika.

"Hapana, baba," akamjibu mgeni, kwa sauti ya chini ambayo si yake. "Mimi namsaidia kazi hapa."

Mgeni akasema, "Asante sana mama, pole na kazi." Akanyoosha mikono tena.

Maji yaliendelea kumiminika. Nami nikanawa. Mikono yangu ilikuwa chini ya birika alilolishika dada yangu, na niliiona mishipa ya mkono wake.

Aliileta mikate imepangwa kwenye sahani yangu nzuri, akaiweka, akarudi nyuma. Mgeni akasifia mistari. Akang'ata, akatafuna taratibu, akatafuna tena.

"Kuna nazi humu?"

"Ndiyo ladha ya chizi yenyewe," nikasema. "Aina hii."

"Ahaa." Akala kipande chote, na cha pili nusu. Alikuwa mtu mwenye adabu. Tuliongea habari za uhamisho, na za nyumba anayotafuta kupanga, na mimi nikawa naitikia bila kusikia, kwa sababu nilikuwa nasikia hatua za dada uani. Alikuja mlangoni mara moja.

"Niwaongezee chai, bosi?"

Alinisemesha mimi. Nikajibu, "Hapana, inatosha." Kwa sauti ile ile ambayo mabosi wanajibu.

Mgeni alipoomba kwenda kujisaidia nilimwelekeza uani, nikasahau kikapu. Akarudi macho yamemtoka. "Kaka, kuna kaa kule nyuma. Wakubwa hivi. Hawa Dar mtu anawafuata soko la feri asubuhi na hawapati. Wa nani?"

Dada alikuwa amesimama mlango wa uani na ndoo. Alisikia, nikamwona anasubiri.

"Wa jirani," nikasema.

Dada akageuka akaenda kumwaga maji.

Mgeni hakukaa sana baada ya hapo. Aliaga, akaniambia asante kwa mwaliko, akapitia uani kuagana na yule mama. Niliwasikia wanaongea maneno machache. Kisha akaondoka, na baadaye niliambiwa na mtu kwamba alionekana stendi anakula chipsi.

Dada akaingia, akakaa kwenye mkeka, akachukua mkate uliobaki. Akaula wote, kwa utulivu, akijipangusa midomo kwa upindo wa kanga.

"Mtamu," akasema. "Chumvi ingeongezwa."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo, katika yote ya siku ile, linaniuma zaidi. Nilimgombeza. "Dada, kwa nini umesema vile? Kwa nini umenifanya nionekane namtumikisha ndugu yangu?" Nilisema kama mtu aliyekosewa. Nilihitaji kosa liwe la mtu mwingine, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Hakukasirika. "Macho yangu hayaoni vizuri," akasema, "lakini uso wako nimeulea mimi. Nilikuona unahangaika. Nikaona nikupunguzie."

Akainuka akaenda kupika kaa. Tuliwala jioni na ugali wa bada, uani, na alinivunjia magando kwa jiwe kama nilipokuwa mdogo. Nilikula. Sikuweza kusema walikuwa watamu, na walikuwa watamu.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka hospitali, nikamwacha kwenye foleni, nikaenda kazini. Mwenzangu aliingia masjala kutafuta faili. Nilipompa hakuondoka.

"Yule mama wako wa kazi," akasema, "umekaa naye muda mrefu?"

Sijui kama alikuwa ameshaanza kushuku. Labda aliuliza tu. Lakini nilikuwa sijalala vizuri siku mbili, na nikajisikia nasema, "Si mama wa kazi. Ni dada yangu. Ndiye aliyenilea. Na wale kaa alituletea sisi."

Aliligeuza faili mkononi. Nilidhani atanicheka. Kama angenicheka ningepumua.

"Nilimpa hela," akasema mwishowe. "Wakati naaga. Nilimwekea mkononi, nikamwambia ya sabuni, mama." Akaangalia chini. "Akaipokea kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo. Kaka, umenifanya nimpe dada yako hela ya sabuni."

Akaondoka. Hakunichukia baada ya hapo, tunaongea mpaka leo, lakini mazungumzo yake na mimi yamekuwa ya kazi. Sijamsikia tena akiniambia nakuja kwako.

Nilitoka mapema nikamfuata dada hospitali. Alikuwa ameshapewa dawa ya matone na miwani, ameivaa, ameketi kwenye benchi anasoma kwa shida bango la ukutani, herufi moja moja, kwa furaha. Nilikaa karibu naye. Nikamuuliza kuhusu ile hela.

"Kumbe kakwambia." Akavua miwani akaifuta. "Nimeitoa sadaka. Kuna bibi pale getini haoni kabisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mfanyakazi wako."

Hakuisema kwa kunichoma. Ilikuwa hesabu yake tu, kila kitu na mwenyewe. Nikamwambia dada nisamehe. Akanishika goti, akasema yamepita, na kwamba tuwahi gari la Nyamisati kwani maji ya bahari yakitoka, mashine haiondoki. Nikambebea mfuko mpaka stendi. Njiani nilimwambia tena, na tena akasema yamepita, akaniuliza ile chizi inakaa siku ngapi bila friji.

Nilikwenda Kiongoroni Idi iliyofuata. Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kumwomba radhi mbele ya shemeji na watoto wake, nilitamke jambo lenyewe kwa jina lake, kwa sababu radhi niliyoomba kwenye benchi ya hospitali niliona ilikuwa ya siri kama kosa lenyewe.

Tulipomaliza kula, shemeji, ambaye ni mtu mpole asiyesema mengi, akanigeukia mbele ya watu wote. "Mke wangu katusimulia," akasema. "Kwamba alipofika kwako ulikwenda mwenyewe dukani, ukahangaika jikoni, ukampikia mkate wa kizungu kwa mikono yako. Hajatusimulia mara moja. Kila mgeni akija anasimuliwa. Ahsante, shemeji. Wengine wakipata kazi wanatusahau."

Watoto walikuwa wananitazama. Nikamtazama dada. Alikuwa anakusanya vyombo, miwani imemshuka puani, na hakuinua uso.

"Shemeji," nikaanza, "siku ile..."

"Siku ile mkate ulipungua chumvi," dada akasema, "ndiyo anataka kukwambia. Hebu nipisheni niondoe hizi sahani."

Watu wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye mpunga na nguruwe pori wanaouharibu. Nikapisha. Nilikaa siku tatu na kila siku nilitafuta nafasi, na kila siku alikuwa na kazi ya kunipa, kupanda mnazi, kuziba bati, kumsindikiza mtoto dukani. Siku ya kuondoka alinifungia unga. Nilirudi Kibiti shemeji akiamini kwamba mimi ni ndugu wa kutajwa kwa wageni, na hadi leo bado anaamini hivyo.